Taaitta Toweett na Historia Simulizi ya Wakipsigis: Neno kama Hati

UTANGULIZI

Mwaka wa 1979 Kenya Literature Bureau ya Nairobi ilitoa vitabu vitatu vya mwandishi mmoja, Taaitta Toweett. Cha kwanza ni "Oral Traditional History of the Kipsigis", yaani historia ya jadi ya Wakipsigis kama inavyosimuliwa kwa mdomo. Cha pili ni "A Study of Kalenjin Linguistics", uchunguzi wa isimu ya Kikalenjin. Cha tatu ni kamusi ndogo ya mfukoni ya nomino za Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Katika maktaba vitabu vya namna hii huwekwa mbalimbali: kimoja katika rafu ya historia, cha pili katika rafu ya isimu, cha tatu pamoja na makamusi. Mgawanyo huo humfaa mkutubi, lakini humficha mwandishi. Anayesoma historia hukosa kujua kwamba aliyeiandika alikuwa mwanaisimu, na anayesoma isimu hakumbuki kwamba aliyezipanga nomino hizo alikuwa akitafuta habari za wazee wake.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi maisha ya Toweett na mahali pa kazi yake katika uandishi wa historia ya nchi ya Kericho na Bomet. Hoja yake ni kwamba vitabu vile vitatu ni kazi moja. Mahali ambapo watu hawakuacha maandishi, neno lenyewe ndilo hati: jina la ukoo, jina la rika, jina la mto, jina la mtu. Kwa hiyo anayetaka kuiandika historia ya watu hao hana budi kuijua lugha yao kwa undani, na anayeichunguza lugha hiyo anashika mikononi mwake nyaraka za historia, apende asipende. Jambo hili lina uzito kwa walimu wa Kiswahili pia, kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ya katikati katika kamusi ya Toweett, na pia ndiyo lugha ya katikati katika mashamba ya chai yaliyoizunguka nchi yake.

MAISHA YA MWANDISHI

Toweett alizaliwa mwaka wa 1925 katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho. Miaka hiyo ndiyo kampuni kubwa za chai zilipokuwa zinaanza kazi katika nchi ya Wakipsigis. Brooke Bond na African Highlands, kampuni iliyokuwa chini ya James Finlay, ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, na ardhi ambayo Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwapokonya wenyewe ikageuka kuwa mashamba ya michai yasiyoonekana mwisho. Toweett hakuijua nchi yake kabla ya mabadiliko hayo. Habari za nchi iliyotangulia alizipata kwa kusikia.

Alisoma Alliance High School huko Kikuyu, shule iliyowakusanya vijana wa kila pembe ya Kenya. Kwa vijana waliotoka Bonde la Ufa, shule hiyo ilikuwa na maana ya pekee. Huko Mkipsigis, Mnandi, Mkeiyo na Mtugen walikutana ugenini wakatambua kwamba lugha zao zinasikilizana. Jina "Kalenjin" lilipata nguvu katika miaka ya 1940 miongoni mwa wasomi wa kizazi hicho na kwa njia ya redio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtangazaji John Chemallan alizoea kuanza matangazo yake kwa neno hilo, ambalo maana yake ni "nakwambia". Wataalamu wa lugha hawana budi kulitafakari jambo hili. Watu wengi hujiita kwa jina la babu, la mlima au la mto. Hawa walichagua kujiita kwa neno ambalo msimulizi hulitamka anapotaka kusikilizwa.

Mwaka wa 1958 Toweett aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Aliongoza chama cha Kalenjin Political Alliance, ambacho mwaka wa 1960 kiliungana na vingine kuunda KADU, chama kilichotetea serikali ya majimbo. Alihudhuria mikutano ya katiba ya Lancaster House huko London, na alishika nyadhifa za uwaziri kabla ya uhuru na baada yake. Katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Elimu. Mwaka wa 1976, Mkutano Mkuu wa 19 wa UNESCO ulipofanyika Nairobi, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake.

Katikati ya shughuli hizo zote za siasa alirudi darasani. Mwaka wa 1975 alitoa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tasnifu ya M.A. kuhusu nomino za Kikalenjin na mpangilio wake. Miaka minne baadaye vikatoka vitabu vitatu vilivyotajwa hapo juu, na mwaka huohuo wa 1979 akashindwa katika uchaguzi wa ubunge wa Buret na Jonathan Ng'eno. Alifariki mwaka wa 2007. Wananchi wengi wanamkumbuka kwa siasa zake. Lakini kwa kuwa siasa za wakati ule zimekwisha kupita na vitabu vipo, hapana shaka kwamba vitabu ndivyo vitakavyohitaji kupimwa zaidi.

WALIOTANGULIA KUANDIKA

Toweett hakuwa wa kwanza kuandika habari za Wakipsigis. Mwaka wa 1923 J. Barton alichapisha maelezo juu ya watu aliowaita "Kipsikis au Lumbwa". Mwaka wa 1939 J. G. Peristiany alitoa kitabu kikubwa juu ya taratibu zao za kijamii. Ian Orchardson, mwana wa mchoraji mashuhuri wa Uingereza William Quiller Orchardson, aliishi miaka mingi Kericho miongoni mwa Wakipsigis, akaijua lugha yao, na kati ya miaka ya 1929 na 1937 akaandika muswada mrefu juu ya maisha yao. Alikufa mwaka wa 1938 muswada haujachapishwa. Ulitoka mwaka wa 1961 tu, ukiwa umefupishwa na A. T. Matson, na kuchapishwa na East African Literature Bureau.

Kazi hizi zina manufaa makubwa, hasa ya Orchardson, aliyekaa na wenyeji kwa muda mrefu kuliko wageni wengi. Hata hivyo zina jambo moja la pamoja. Ndani yake Mkipsigis ni mtu anayeelezwa. Anatoa habari, na mwingine anaamua habari hizo zina maana gani. Zaidi ya hayo, waandishi wa zama hizo walikuwa na maswali yao wenyewe. Mathalan, walijishughulisha sana na wazo la "Wanailo-Hamiti", lililodai kwamba chochote chenye sifa miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki lazima kilitokana na damu ya wageni kutoka kaskazini. Ilikuwa mpaka Joseph Greenberg alipotoa uainishaji wake wa lugha za Afrika mwaka wa 1963 ndipo Kikalenjin kilipowekwa mahali pake miongoni mwa lugha za Kinailo bila nyongeza ya Hamiti.

Baada ya uhuru wanahistoria wa Kiafrika walianza kuyachukua masimulizi ya wazee kuwa ushahidi kamili. Kitabu cha Jan Vansina juu ya mapokeo simulizi kilikuwa kimewapa njia ya kufuata. B. A. Ogot alitoa historia ya Wajaluo wa Kusini mwaka wa 1967. Godfrey Muriuki aliandika juu ya Wakikuyu na William Ochieng' juu ya Wagusii, wote mwaka wa 1974. Mwaka wa 1977 Henry Mwanzi alitoa "A History of the Kipsigis", kazi ya mwanahistoria wa chuo kikuu, ambayo inasisitiza jinsi watu hao walivyoundika kwa kuchanganyika kwa makundi ya asili mbalimbali.

Kitabu cha Toweett kilitoka miaka miwili tu baada ya kile cha Mwanzi, lakini si kazi ya namna ileile. Mwanzi anaandika kwa wanahistoria, na anayapima masimulizi kwa mizani ya taaluma yao. Toweett anaandika zaidi kama mtu aliyeketi miongoni mwa wasimulizi. Anashughulikia asili ya Wakipsigis, mahamio yao, koo zao na majirani zao, na jina la kitabu chake linakiri waziwazi kwamba hiyo ni historia ya mdomo na ya jadi. Msomaji aliyemlenga si profesa peke yake, bali pia mwalimu wa shule, karani, mkulima aliyesoma, na kijana anayeuliza ukoo wake ulitoka wapi. Kwa maana hiyo Toweett ni mwandishi wa historia ya watu, na ndiyo maana anastahili kusomwa kwa namna yake, pasipo kulaumiwa kwa kutokuwa Mwanzi.

NENO KAMA HATI

Mfano wa kwanza wa jinsi lugha inavyobeba historia ni neno "oret". Kwa Kikipsigis, kama ilivyo kwa Kinandi, neno hili lina maana ya njia, njia ya kupita watu na mifugo. Neno hilohilo ndilo jina la ukoo. Mtu akiulizwa ukoo wake, kwa hakika anaulizwa njia yake. Anayetafsiri "oret" kwa neno "ukoo" tu hakukosea, lakini ameiacha nusu ya habari nje ya mlango. Na hapo mlango wenyewe unatoa mfano wa kulinganisha, kwa kuwa Waswahili wa pwani nao hulitumia neno "mlango" kwa maana ya tawi la ukoo. Watu wa mijini walioishi katika nyumba za mawe walifikiri nasaba kama mlango wa nyumba. Watu waliohama na ng'ombe zao waliifikiri kama njia. Kila neno limehifadhi namna ya maisha iliyolizaa.

Tofauti hiyo ina matokeo katika historia. Mlango hufunguliwa kutoka ndani, na aliye nje hubisha hodi. Njia hupitwa na yeyote anayeishika. Masimulizi ya koo za Wakipsigis yanataja wazi koo ambazo asili yake ni Wagusii, au Wamaasai, au watu wengine waliopokewa wakati wa njaa au vita. Waliopokewa hawakubaki wageni. Walipewa mahali katika rika na katika kokwet, yaani mtaa wenye baraza lake, na vizazi vilivyofuata vikawa Wakipsigis kamili. Historia ya koo ikisimuliwa vizuri ni historia ya njia nyingi zilizokutana.

Mfano wa pili ni marika. Wakipsigis, kama Wakalenjin wengine, huhesabu wakati kwa "ipinda", yaani rika la waliotahiriwa katika kipindi kimoja. Majina kama Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na Nyongi hufuatana kwa utaratibu, na yanapokwisha huanza upya, mzunguko mmoja ukichukua muda wa kama karne moja. Kwa mwanahistoria huu ni utajiri na pia ni mtego. Mzee akisema kwamba jambo fulani lilitokea wakati wa Kaplelach, ametoa tarehe, na tarehe hiyo ni ya kuaminika. Lakini asiyejua mzunguko atashindwa kujua ni Kaplelach wa juzi au Kaplelach wa karne iliyopita. Mwenyeji huuliza swali la pili papo hapo. Mgeni huandika jibu la kwanza akaenda zake.

Mfano wa tatu ni majina ya watu. Mtoto wa kiume akizaliwa hupewa jina linaloanza kwa "Kip-", na wa kike kwa "Chep-" au "Che-", likieleza wakati au hali ya kuzaliwa: Kiprotich wakati ng'ombe warudipo nyumbani, Kipkoech kunapopambazuka, Kipkemoi usiku, Kipkemei wakati wa kiangazi. Baada ya jando kijana huitwa "araap" fulani, yaani mwana wa fulani. Katika orodha ya majina ya ukoo mmoja mtafiti makini anaweza kukusanya habari za saa, majira na nasaba. Kamusi ya nomino, ambayo kwa wengi ni kitabu cha kutafutia neno na kukifunga, inakuwa katika mkono wa mtafiti kama huyo ghala ya ushahidi.

Wazo hili halikuwa la Toweett peke yake. Mwaka wa 1971 Christopher Ehret alikuwa ametoa kitabu juu ya historia ya Wanailo wa Kusini kilichojengwa juu ya msamiati na maneno ya mkopo: watu wakikopeshana maneno ya kilimo, ya mifugo au ya jando, ni dalili kwamba walikaa pamoja. Tofauti ni kwamba Ehret alitazama maneno kutoka mbali, akilinganisha lugha nyingi kwa karne nyingi, ilhali Toweett aliyatazama kutoka ndani ya lugha yake mwenyewe. Njia hizo mbili zinahitajiana.

SUALA LA TAHAJIA

Mtu akilitazama jina lenyewe, Taaitta Araap Toweett, ataona kwamba mwenyewe alishikilia irabu maradufu. Magazeti ya Kenya yalizoea kuliandika kwa mkato, mara "Taita", mara "Towett". Irabu zile hazikuwa madoido. Katika Kikalenjin urefu wa irabu hutofautisha maana, na kuiandika irabu ndefu kwa herufi moja ni kuliandika neno jingine au kutoandika neno lolote. Kwa kuliandika jina lake hivyo Toweett alikuwa akitoa somo la fonolojia kila alipotia sahihi.

Upande wa konsonanti kuna suala jingine. Kikalenjin hakitofautishi maana kwa konsonanti ghuna na sighuna kama Kiswahili kinavyofanya katika "pata" na "bata". Sauti ya herufi moja husikika mara kama p, mara kama b, kulingana na mazingira yake. Hivyohivyo k na g, t na d. Ndiyo sababu Barton aliandika "Kipsikis" na Orchardson "Kipsigis". Ndiyo sababu katika vitabu na ramani kuna "Pureti" na "Bureti", "Peelkut" na "Belgut", "ipinda" na "ibinda". Mtafiti asiyejua kanuni hii anaweza kudhani kwamba amekutana na makabila mawili, au marika mawili, kumbe ni masikio mawili yaliyosikia neno moja.

Gumu kuliko yote ni toni. Katika Kikalenjin kitenzi hutangulia, na toni ya nomino ndiyo inayoonyesha kama nomino hiyo ni mtenda au mtendwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni. Maana yake ni kwamba msimulizi anaposema nani alimshinda nani, sikio la msikilizaji halina wasiwasi. Lakini sentensi hiyohiyo ikiwekwa katika karatasi, imepoteza alama yake muhimu, na msomaji hutegemea mpangilio wa maneno na maarifa yake ya jambo lenyewe. Katika habari za vita, kama vile kushindwa kwa Wakipsigis huko Mogori mwishoni mwa karne ya 19, hilo si jambo dogo. Historia simulizi inapoandikwa haibadili chombo tu. Kuna sehemu ya sarufi inayobaki mdomoni.

Kuna pia majina yaliyowekwa na wengine. Waingereza waliwaita Wakipsigis "Lumbwa", jina ambalo asili yake ni Kimaasai na ambalo Wamaasai waliwaitia watu wanaolima. Lilikuwa jina la kudharau lililookotwa njiani, likaingia katika kumbukumbu za Serikali na hata likapewa kituo cha reli, ambacho leo ni Kipkelion. Kwa miaka mingi mtoto wa Kipsigis aliyefungua kitabu cha Serikali hakujikuta humo kwa jina lake. Mwenyeji anapoandika historia yake, kazi ya kwanza huwa ni kurudisha majina mahali pake.

MWANASIASA NA HISTORIA

Haitoshi kusifu. Toweett alikuwa mwanasiasa, na historia aliyoiandika ilikuwa historia ya watu waliompigia kura. Swali la haki ni kama mtu wa namna hiyo anaweza kuaminiwa.

Jibu linategemea kutambua kilichokuwa hatarini. Katika nchi ya Kericho na Bomet historia haikuwa kamwe burudani ya jioni. Mwaka wa 1905 jeshi la Waingereza liliishambulia Sotik. Mwaka wa 1934 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini ulioogopwa kwa nguvu zake juu ya watu. Familia zao zikapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mbali na malisho yao. Toweett wakati huo alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Sheria ile iliandikwa, ikapigwa chapa, ikahifadhiwa. Maneno ya waliohamishwa hayakuandikwa. Miaka mingi baadaye, madai ya ardhi ya Wakipsigis na Watalai yalipofika mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya, na mwaka wa 2022 mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, upande mmoja ulikuwa na nyaraka za ukoloni na upande wa pili ulikuwa na kumbukumbu za wazee. Kwa hiyo kulifanya neno la mdomo liheshimiwe kama ushahidi ni kazi yenye matokeo katika maisha ya watu, wala si ubishi wa wasomi.

Lakini silaha hiyo ina makali pande zote mbili. Historia inayosema "sisi tulifika hapa" inaweza kugeuzwa ikasema "ninyi ondokeni". Katika Bonde la Ufa, tangu mwaka wa 1991 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, maneno ya wenyeji na wageni yalitumiwa kuhalalisha kufukuza na kuua majirani. Si haki kumtwisha mwandishi wa mwaka wa 1979 mzigo wa damu hiyo. Wala si haki kujifanya kwamba vitabu vya asili na mahamio vinasomwa na watu wasio na hasira.

Dawa ya hatari hiyo imo ndani ya masimulizi yenyewe, mradi yasomwe kwa ukamilifu. Anayetaka kuitumia historia ya Wakipsigis kuthibitisha usafi wa damu atakwama katika sura ya koo, kwa maana huko atawakuta Wagusii na Wamaasai waliopewa njia. Maana ya neno "oret" inamkana. Hapo ndipo mtazamo wa mwanaisimu unapomsaidia mwanahistoria wa watu: siasa hutaka jina moja lenye mpaka mmoja, lakini msamiati hukumbuka kila aliyepita.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba kitabu hugandisha. Masimulizi yana matoleo mengi. Wazee wa Belgut na wa Sot wanaweza kutofautiana, na tofauti hizo huwa na maana. Toleo moja likichapishwa huanza kurudi vinywani kama kwamba ndilo la asili. Mtafiti wa leo anayekwenda Litein au Bomet kukusanya masimulizi hana budi kuuliza, kwa adabu, kama anachosimuliwa kilirithiwa kwa babu au kilisomwa katika kitabu. Swali hilo halimdharau mzee. Linaonyesha tu kwamba kitabu nacho kimekwisha kuwa sehemu ya mapokeo.

LUGHA YA KITABU

Historia ya Toweett iliandikwa kwa Kiingereza. Sababu zinaeleweka. Mchapishaji alikuwa mrithi wa East African Literature Bureau baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, masomo ya juu yote yalifanywa kwa Kiingereza, na kitabu cha Kikalenjin kisingesomwa nje ya Kalenjin. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba habari ilitoka katika kinywa cha mzee asiyejua Kiingereza ikaingia katika kitabu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisoma ili akisahihishe.

Kiswahili kiliwekwa wapi? Kiliwekwa katika kamusi. Uamuzi huo wa Toweett haukusifiwa inavyostahili. Angeweza kutoa kamusi ya lugha mbili, kama walivyofanya wamisionari wengi; alichagua lugha tatu, na Kiswahili akakiweka kando ya lugha yake. Anayeijua nchi ya chai ataelewa. Katika mashamba makubwa ya Kericho wachumaji chai wametoka Kisii, Nyanza, nchi ya Waluhya na vijiji vya jirani, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha kwenye mizani, dukani, zahanatini na kanisani. Maneno yake mengi, neno "chai" likiwa mojawapo, yamekwisha kupata uraia katika Kikalenjin. Hapo Kiswahili ni lugha ya majirani kabla hakijawa lugha ya mtihani.

Kuna jambo la kutafakari pia katika mkutano ule wa UNESCO wa mwaka wa 1976. Miongoni mwa maazimio yaliyopitishwa Nairobi, Toweett akiwa rais, ni Pendekezo la kuwalinda wafasiri na tafsiri zao, linalojulikana hadi leo kama Pendekezo la Nairobi. Linataka mfasiri atambuliwe kuwa mtaalamu mwenye haki zake. Miaka mitatu baadaye rais wa mkutano huo alichapisha kitabu ambacho kwa hakika chote ni tafsiri: masimulizi ya Kikipsigis yaliyovikwa Kiingereza. Mfasiri humo hatajwi kwa kuwa yeye ndiye mwandishi.

Kazi iliyobaki inawahusu walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Historia ya namna hii ikiletwa katika Kiswahili isipitishwe tu kutoka Kiingereza. "Oret" likiisha kuwa "clan" kisha likawa "ukoo", njia imepotea mara mbili. Mfasiri arudi kwenye neno la kwanza, akiwa na kamusi ya Toweett mkono mmoja na sarufi yake mkono wa pili, na pale Kiswahili kisipokuwa na neno linalolingana, neno la Kikalenjin lihifadhiwe na kuelezwa. Kiswahili kimekopa Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza bila kuona haya; hakitapungukiwa kitu kikikopa "kokwet".

HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba Taaitta Toweett, ambaye wengi humtaja kwa siasa, aliacha kazi ya maandishi yenye umoja kuliko inavyodhaniwa. Aliandika historia kwa kusikiliza maneno, akayachunguza maneno hayo kwa isimu, kisha akayapanga kando ya Kiswahili ili majirani wayaone. Kazi hiyo ina upungufu: imegandisha baadhi ya matoleo, imeandikwa na mtu aliyekuwa na maslahi yake katika siasa za ardhi na majimbo, na imetoka katika lugha isiyokuwa ya wasimulizi wake. Upungufu huo unahitaji kusahihishwa kwa utafiti, wala usiwe sababu ya kuiacha kazi yenyewe rafuni.

Mambo matatu yanaweza kufanywa katika idara zetu bila gharama kubwa. Kwanza, vitabu vile vitatu vifundishwe pamoja, ili mwanafunzi wa isimu aone historia na mwanafunzi wa fasihi simulizi aone sarufi. Pili, wanafunzi wanaotoka Kericho na Bomet watumwe kukusanya masimulizi ya koo na marika kwa lugha zao, wakitia alama za urefu wa irabu na toni, na wakiandika matoleo yanayotofautiana bila kuyalazimisha yakubaliane. Tatu, masimulizi hayo yaletwe katika Kiswahili moja kwa moja kutoka Kikalenjin, yasomwe mbele ya waliosimulia, na waliosimulia wapewe nafasi ya kusahihisha. Wazee wenye habari za kabla ya chai hawapo tena. Waliobaki ni wale waliozisikia kwao, na idadi yao inapungua mwaka hata mwaka.